Dawa Ikiwa na Tagi ya Redio, Nani Yuko Salama?

Stori ya dawa feki ikianza, mtu lazima aulize: kwani ni ngumu aje kuwekea kila chupa tagi ndogo ya redio, ijulikane imetoka kiwanda gani na imepitia kwa nani? Kabla hajamaliza, mwingine anadakia: "Zii, hayo mawimbi si yataharibu dawa? Si tutameza miale?"

Maswali yote mawili ni ya maana, na yote mawili yashaulizwa. Yaliulizwa Marekani miaka 20 hivi iliyopita, na watu waliokuwa na pesa, maabara na mawakili. Nataka nikupitishe kwa hiyo historia kwa sababu inanifunza kitu kuhusu usalama ambacho sisi huku tunaweza kukitumia kesho asubuhi. Msimamo wangu nautoa mapema: swali ambalo kila mtu aliuliza, la mawimbi kuharibu dawa, lilipimwa na likajibiwa vizuri. Hatari zenyewe zilikuwa zimekaa pembeni, kwa mashine iliyo karibu na kitanda na kwa mgonjwa anayebeba chupa. Huko ndiko watu walichelewa kuangalia.

Tagi ni nini kwanza

Tagi ya masafa ya redio ni chipu ndogo sana iliyounganishwa na eriali nyembamba, mara nyingi imefichwa ndani ya kibandiko cha karatasi. Nyingi hazina betri. Kisomaji kinatupa mawimbi, eriali inayanasa, chipu inapata nguvu kidogo, inaamka, inataja nambari yake, halafu inalala. Ile kadi ya kufungulia mlango wa ofisi inafanya kazi hivyo. Zile kadi za matatu tulizoambiwa tuzitumie mwaka wa 2014, zikafifia hivi hivi, zilikuwa za ukoo huo huo.

Tofauti kubwa ni umbali. Kadi ya mlango lazima uisogeze karibu kabisa. Tagi za masafa ya juu, yale ya kati ya megahazi 860 na 960, zinaweza kusomeka kutoka mita kadhaa, nyingi kwa mpigo mmoja, zikiwa bado ndani ya katoni. Kwa mwenye bohari la dawa hiyo ni tamu sana. Katoni inapita mlangoni, kompyuta inahesabu chupa zote, hakuna mtu amekata hata gundi.

Shikilia hilo neno "kutoka mita kadhaa". Litarudi.

Kwa nini watu walitaka kufuata dawa

Mwaka wa 1937 kampuni ya S.E. Massengill ya Tennessee, Marekani, ilitoa dawa ya maji iliyoitwa Elixir Sulfanilamide. Sulfanilamide yenyewe ilikuwa dawa nzuri ya kupigana na bakteria. Shida ni kwamba waliiyeyusha kwa diethilini glaikoli, kemikali yenye sumu, wakaongeza ladha ya matunda, wakaiuza. Hawakuwa wamepima kama ni salama kwa mwili, na sheria ya wakati huo haikuwalazimisha. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi.

FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilituma karibu wakaguzi wake wote, zaidi ya 200, wakaitafute. Walipitia daftari za wauzaji, wakaenda duka kwa duka, daktari kwa daktari, nyumba kwa nyumba. Kati ya galoni 240 zilizotengenezwa walifanikiwa kukusanya zaidi ya 234. Cha kushangaza, hawakuwa na nguvu ya kuikamata kwa sababu inaua. Waliikamata kwa sababu ya jina: dawa ikiitwa eliksa ilitarajiwa kuwa na alkoholi, na hii haikuwa nayo. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ikapitisha sheria ya kulazimisha kampuni kuthibitisha usalama wa dawa kabla ya kuuza.

Ruka hadi 1982. Chicago, watu 7 wanakufa baada ya kumeza Tylenol, dawa ya kawaida ya maumivu. Mtu ambaye mpaka leo hajajulikana alikuwa ametia sianidi ndani ya vidonge. Kwa sababu hakuna aliyeweza kujua ni chupa zipi zimeguswa, kampuni iliita chupa zote zirudi nchi nzima, kama milioni 31. Hapo ndipo vifuniko vyenye muhuri, vile ukifungua vinaonyesha vimefunguliwa, vikawa sheria.

Halafu miaka ya 2000 wezi wakawa wajanja zaidi. Mwaka wa 2003 mamilioni ya tembe za Lipitor, dawa ya kupunguza kolesteroli, ziliondolewa sokoni Marekani kwa sababu ya bidhaa feki zilizopenya kupitia kwa wauzaji wa jumla. Feki ilikuwa imeingia kwa mlango wa mbele, na risiti juu.

Kwa hivyo hamu ya kufuata dawa haikutoka kwa wapenda vifaa. Ilitoka makaburini. Na huku kwetu hamu hiyo ni kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za matibabu ni duni au feki.

Tagi ilizaliwa ujasusini

Kabla tagi iingie famasi ilipita njia ya ajabu. Mwaka wa 1945 watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, zawadi: nembo ya taifa la Marekani iliyochongwa kwa mbao. Ikatundikwa nyumbani kwa balozi. Ndani yake kulikuwa na kifaa kilichobuniwa na Leon Theremin, hakina betri, hakina waya. Wasovieti wakielekeza mawimbi ya redio kutoka nje, kifaa kinaamka na kurudisha sauti za chumbani. Kilikaa hapo mpaka 1952 ndipo kikagunduliwa. Miaka 7 ukutani, wakubwa wanapiga stori chini yake!

Mwaka wa 1948 mhandisi Harry Stockman aliandika kuhusu kuwasiliana kwa kurudisha nguvu ya mawimbi. Mwaka wa 1973 Mario Cardullo alipata hataza ya Marekani ya kifaa kidogo chenye kumbukumbu kinachopata nguvu kutoka kwa mawimbi ya kisomaji. Huyo ndiye babu wa tagi ya leo.

Naleta stori ya Moscow kwa sababu moja. Kitu kinachoamshwa na mawimbi hakimjui anayekiamsha. Kile kifaa hakikuwa na njia ya kukataa. Ukikiangazia, kinaongea. Tagi ya kawaida ya kwenye chupa imerithi tabia hiyo.

Wakati kila mtu alidhani tagi imeshinda

Februari 2004 FDA ilitoa ripoti kuhusu kupambana na dawa feki, ikasema tagi za redio zinaweza kuwa zimeenea kwenye dawa kufikia 2007. Novemba mwaka huo ikatoa mwongozo wa kuruhusu majaribio. Kampuni zikaingia: Purdue Pharma ikatagi chupa za OxyContin, ile dawa kali ya maumivu iliyokuwa inaibwa sana. Pfizer ikatagi Viagra iliyouzwa Marekani. Mwaka wa 2006 GlaxoSmithKline ikatagi Trizivir, dawa ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi.

Angalia hiyo orodha tena: dawa ya maumivu yenye uraibu, dawa ya nguvu za kiume, dawa ya HIV. Zilichaguliwa kwa sababu ndizo zilizowavutia wezi na wenye feki. Lakini pia ni dawa ambazo mtu hataki jirani ajue anazo.

Hofu ya kwanza: je, mawimbi yanaharibu dawa?

Hili swali lilichukuliwa kwa uzito. Mwongozo wa FDA wa 2004 uliruhusu majaribio kwa dawa za kawaida pekee na ukaacha nje zile za kibayolojia, kama chanjo, na dawa za protini kama insulini. Sababu inaeleweka. Tembe ya kawaida ni molekuli ndogo, ngumu kusumbua. Protini ni uzi mrefu uliokunjwa kwa umbo fulani, na umbo likivurugika dawa haifanyi kazi. Joto ni adui wake. Ndio maana insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8.

Sasa mawimbi ya tagi yanaweza kufanya nini? Si yale ya kuvunja molekuli, kama ya eksirei. Yako upande mmoja na redio, simu na Wi-Fi. Kitu yanachoweza kufanya ni kupasha joto, yakiwa na nguvu ya kutosha na kwa muda wa kutosha, hasa kwa dawa ya maji. Kusoma tagi kunachukua muda mfupi sana, kwa hivyo joto hilo kwa kawaida ni dogo. Lakini chupa ikikaa siku nzima mbele ya kisomaji chenye nguvu, hapo swali linabaki halali.

Kukabaki swali la pili: je, kuna madhara mengine hata bila joto? Miaka michache baadaye watafiti wa Marekani walichukua zaidi ya aina 100 za dawa za kibayolojia wakaziweka kwenye mawimbi ya masafa tofauti, kuanzia megahazi 13.56 hadi gigahazi 2.4, kwa nguvu kubwa kuliko ya matumizi ya kawaida na kwa muda mrefu, huku wakidhibiti joto. Hawakupata mabadiliko yaliyoletwa na mawimbi.

Kwa hivyo ukikutana na video ya mtu akilia ati dawa yenye tagi inageuka sumu, pita nayo hivi. Mpe heshima kwa kuuliza, lakini swali lake lilipimwa na majibu yapo.

Hatari ya pili: mashine ya jirani

Hapa ndipo stori inabadilika. Wakati wengi walikuwa wanachungulia ndani ya chupa, watafiti wa hospitali moja ya chuo kikuu kule Amsterdam waliamua kuangalia kando ya chupa. Hospitali ina vitu vingine vyenye umeme: pampu za kusukuma dawa kwenye mshipa, mashine za kupumulia, vifaa vya kuongoza mapigo ya moyo. Visomaji vya tagi vikipigia mawimbi karibu navyo, je?

Walichukua vifaa 41 vya wagonjwa mahututi, wakavifanyia majaribio 123 katika chumba kisicho na mgonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Vurugu zilitokea mara 34, na 22 kati ya hizo ziliwekwa kwenye kundi la hatari. Kuna pampu zilizosimama. Kuna mashine za kupumulia zilizozima. Nusu ya vurugu zilitokea kisomaji kikiwa sentimita 30 au karibu zaidi, lakini nyingine zilitokea kikiwa mbali zaidi ya hapo, hata mita 6.

Na tagi zisizo na betri, zile tunadhani ni mpole, ndizo mfumo wao ulileta vurugu nyingi zaidi. Ukifikiria inaeleweka: tagi yenyewe haina nguvu, basi kisomaji lazima kitoe nguvu ya kutosha kuiamsha. Tatizo halikuwa kibandiko. Lilikuwa ile mashine inayokiita.

Hakuna mgonjwa aliyeumia kwenye jaribio hilo. Lakini hebu fikiria nesi wa zamu ya usiku, anapitisha kisomaji kuhesabu dawa kando ya kitanda, nia yake safi kabisa, na mita moja kutoka hapo pampu inanyamaza. Dawa iko salama. Tagi iko salama. Mgonjwa hayuko salama.

Baada ya hapo viwango vya kupima vifaa vya hospitali vikaanza kukazwa ili vistahimili redio zilizo karibu, na mwaka wa 2017 kikatoka kiwango maalum cha kupima vifaa hivyo dhidi ya visomaji vya tagi. Yaani ilichukua zaidi ya miaka 10 tangu majaribio ya 2004.

Hatari ya tatu: chupa inayoongea

Turudi kwa Trizivir, na turudi nyumbani Kenya.

Kama umewahi kuishi na mtu anayetumia ARV, au wewe mwenyewe unazitumia, unaijua shida ya chupa kulia. Tembe zinagongana, chakacha chakacha, na kwenye matatu au bweni la shule kila mtu anageuza shingo. Watu wametia pamba ndani, wamebandua lebo, wamehamisha tembe kwa karatasi. Hawafanyi hivyo kwa sababu hawajui umuhimu wa lebo. Wanalinda jina lao.

Sasa chukua chupa hiyo, uiwekee kitu kinachotaja nambari yake kwa yeyote mwenye kisomaji, kutoka mita kadhaa, bila mwenyewe kusikia chochote. Ukiziba mlio wa tembe kwa pamba, mlio huu utauziba na nini?

Wamarekani waliliona hili. Mwaka wa 2006 walibishana kama nambari inayotambulisha aina ya dawa iwekwe ndani ya tagi kabisa, na kama tagi izimwe kabla ya mgonjwa kukabidhiwa chupa. Teknolojia ya kuizima ilikuwepo: kiwango cha tagi cha mwaka wa 2004 kina amri ya kuiua tagi moja kwa moja, isijibu tena maishani. Lakini amri bila mtu wa kuitoa ni bure. Nani ataiua? Kemisti mwenye foleni hadi mlangoni? Na mgonjwa atajuaje imekufa, na kitu chenyewe hakionekani wala hakisikiki?

Usiniambie hizi ni hofu za wazungu. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo la kukusanya takwimu za wanaoishi na HIV, wakiwemo watoto wa shule, na fomu zikataka majina. Nia iliyotajwa ilikuwa nzuri: huduma ziwafikie. Mashirika na watu wanaoishi na virusi wakaenda kortini, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilivunja haki yao ya faragha. Mwaka wa 2019 tukapata Sheria ya Kulinda Data, ambayo inaweka hali ya afya ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hivyo sisi tushajifunza, kwa gharama, kwamba orodha yenye nia nzuri inaweza kumuumiza yuleyule inayedai kumsaidia.

Nani alishinda mwishowe

Ule utabiri wa 2007 haukutimia. Tagi ilikuwa na bei yake kwa kila chupa. Maji yanameza mawimbi yake, chuma na karatasi ya alumini vinayarudisha, na dawa nyingi ni maji ndani ya chupa au tembe ndani ya alumini. Kusomeka ikawa bahati nasibu.

Sheria ya Marekani ya 2013 ya kufuatilia dawa, na kanuni za Ulaya zilizoanza kufanya kazi Februari 2019, zote zilikwenda na kitu cha kizamani zaidi: mraba wa vidoti uliochapwa kwenye boksi, binamu ya QR. Ndani yake kuna namba ya bidhaa, namba ya pekee ya boksi hilo, toleo na tarehe ya kuharibika. Wino tu. Haubabaishi pampu, haupashi chochote joto, na hausomeki boksi likiwa ndani ya mkoba wako. Lazima mtu aushike na auangalie.

Afrika nayo ilikuwa na njia yake. mPedigree, iliyoanzishwa Ghana na Bright Simons, ilileta kibandiko cha kukwaruza: unakwaruza, unatuma namba kwa SMS, unajibiwa kama bidhaa ni halisi. Mkulima wa Kenya anaijua vizuri, maana kibandiko cha KEPHIS kwenye pakiti ya mbegu kinatumia njia hiyo hiyo, namba 1393. Na angalia tofauti: kibandiko kinamjibu aliyekwaruza. Tagi inamjibu aliyepita.

Hata hivyo tagi haijafa, na sisemi ife. Kuna hospitali zinazoitumia kwenye trei za dawa za dharura na vichupa vya sindano vya chumba cha upasuaji, kuhakikisha hakuna kilichoisha wala kilichopitisha tarehe. Hapo iko sawa. Inakaa ndani ya jengo, haiendi nyumbani kwa mtu, na mashine za kando zinaweza kupimwa kabla.

Kwa hivyo

Siku moja mtu atasimama kwa jukwaa, Nairobi ama Mombasa, na suti safi, atuuzie mfumo wa tagi za dawa kwa kaunti zetu. Atakuja na slaidi moja ya kusema mawimbi hayaharibu dawa. Atakuwa anasema ukweli. Tusipige makofi bado. Tumuulize kama visomaji vyake vimepimwa kando ya mashine zilizo kwenye hospitali zetu, zikiwemo zile kuukuu za msaada, si zile mpya za kwenye picha. Tumuulize tagi inazimwa wapi, na nani, na mimi nitajuaje imezimwa. Halafu tumuulize kwa nini wino hautoshi.

Akijibu yote vizuri, karibu kabisa. Akianza kuzunguka, turudi kwa mraba wa vidoti na tuokoe hizo pesa zinunue dawa zenyewe.